Sura ya Tano: Chupa 200 Bila Tone la Maji

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya kutafsiri nilipewa karatasi moja, fupi. Palikuwa na semina ya siku 3, na mratibu alikuwa ameorodhesha mahitaji yake kwa mkono: kalamu, madaftari, vitafunwa, chupa za maji 200. Mfadhili alitaka kila kitu kwa Kiingereza. Nilimaliza kabla chai yangu haijapoa, na penye chupa za maji niliandika, bila kusita hata kidogo, "200 water bottles".

Asubuhi ya semina gari la mzabuni lilitangulia washiriki. Maboksi yakashushwa, moja likafunguliwa. Ndani mlikuwa na chupa za plastiki za rangi ya samawati, nzuri kabisa, zenye vifuniko vya kufyonzea kama zile wanazobeba wakimbiaji. Nikaitikisa moja. Tupu. Nikatikisa ya pili.

"Mwalimu," mratibu akaniambia taratibu, "hizi ndizo ulizoandika?"

Ndizo. Mzabuni hakukosea hata herufi. Niliomba chupa, nikaletewa chupa. Maji tulikwenda kuyanunua duka la jirani, katoni kwa katoni, kwa pesa ya mfukoni mwangu. Chupa moja katika zile za samawati ninayo hadi leo, na huiweka mezani kila ninapofundisha somo hili.

Kosa langu lilikuwa la mtu aliyelelewa na Kiswahili vizuri mno. Tunaposema "kikombe cha kahawa", ile "cha" inafanya kazi mbili na hakuna anayelalamika. Ukimwambia mhudumu akuletee kikombe cha kahawa, unataka kinywaji. Ukimwonya mtoto asivunje kikombe cha kahawa, unazungumzia chombo, hata kama kimekaa kabatini kikavu tangu Idi. Anayesikia anajua. Kiingereza kazi hizo kimewapa watu wawili. "A cup of coffee" ni kahawa iliyomo ndani ya kikombe. "A coffee cup" ni kikombe cha aina fulani, kiwe na kahawa, kiwe na chai, kiwe na misumari. Vivyo hivyo "a bottle of water" ni maji ya kunywa, na "a water bottle" ni kile kilichonitoa jasho. "A box of matches" inakupa moto. "A matchbox" watoto huifanyia gari la kuchezea baada ya njiti kwisha.

Angalia kilichotokea. Kihusishi kimeondoka, nomino mbili zimebaki zimesimama bega kwa bega, na nafasi zimebadilishana. Hakuna "of", hakuna alama yoyote ya kuonyesha kwamba moja inaifafanua nyingine. Hii ndiyo nomino inayofanya kazi ya kivumishi, na hakuna mahali katika sarufi ya Kiingereza ambapo maneno machache hivyo humtupa Mswahili mbali hivyo.

Nimesema "kazi ya kivumishi" kwa makusudi. Nomino hiyo haigeuki kuwa kivumishi, kama vile mwalimu anayemshikia mlango mgeni hageuki kuwa bawabu. Kivumishi halisi unaweza kukikolezea "very" na unaweza kukipeleka mwisho wa sentensi: "a hot cup", "a very hot cup", "the cup is hot". Jaribu hayo kwa "coffee". Hakuna aliyewahi kusema "a very coffee cup", na ukisema "the cup is coffee" watu watadhani unaumwa. Tena nomino hii haikubali kutenganishwa na mwenzake. Begi dogo la shule ni "a small school bag". Ukiandika "a school small bag" umemwingiza mgeni katikati ya mume na mke.

Kanuni ya kwanza ni ya mpangilio, na ndiyo kubwa kuliko zote: neno la mwisho ndilo kitu chenyewe. "Flower garden" ni bustani. "Garden flower" ni ua. "Horse race" ni mashindano. "Racehorse" ni farasi. "Milk chocolate" utaitafuna, "chocolate milk" utainywa. "Houseboat" ni boti ambayo mtu ameifanya makazi, na "boathouse" ni banda la kuhifadhia boti. Kiswahili kinakwenda kinyume kabisa, kitu chenyewe kwanza, maelezo baadaye. Ndiyo maana jina la taasisi likivuka kutoka lugha moja kwenda nyingine huwa kama kanda iliyorudishwa nyuma. "Tanzania Revenue Authority": anza mwisho, rudi mwanzo, na unapata Mamlaka, ya Mapato, Tanzania. Huwaambia wanafunzi wangu wasome Kiingereza cha aina hii kama wanavyopanda basi lililojaa, kwa mlango wa nyuma.

Asiyejua hilo huandika "shop of shoes", "bus of school", "teacher of history". Mwingereza ataelewa. Hata hivyo atasikia lafudhi, na lafudhi ya maandishi ni ngumu kuficha kuliko ya mdomo.

Tusije tukadhani kwamba kubandika nomino mbili bila gundi ni ufundi wa Waingereza peke yao. Jina lile lile la mamlaka ya mapato limeacha "ya" ya pili njiani, na Shirika la Umeme Tanzania limefanya vivyo hivyo. Tunao pundamilia, batamzinga, mbwamwitu na mwanasheria. Tunaye askari kanzu, ninayempenda kuliko wote: polisi aliyevua sare akavaa kama raia, na lugha ikambandika vazi lake mgongoni bila hata "wa". Tunalo garimoshi, na treni ya umeme inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma haitoi moshi, lakini jina linaendelea kufuka. Waingereza nao wana "steamroller", mtambo wa kushindilia barabara ambao leo unakunywa dizeli. Tofauti ni kwamba kwetu maneno haya ni mzigo uliofungwa tayari. Tunayarithi, tunayatumia, mara chache tunaunda jipya. Kwa Mwingereza ni kiwanda kinachofanya kazi usiku na mchana. Anaweza kubandika nomino mbili zilizokutana leo asubuhi, na jioni akazisahau.

Hapo ndipo swali la maana linapoingia. Nomino mbili zikikaa pamoja, nani anasema uhusiano wao ni upi? "Olive oil" ni mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye zeituni. "Baby oil" haikukamuliwa kutoka kwa mtoto. "Engine oil" haitoki kwenye injini, inaingia. "Mosquito net" inamzuia mbu nje, "butterfly net" inamkamata kipepeo ndani, na maneno yenyewe hayaonyeshi tofauti yoyote. Mwanaisimu Judith Levi alijaribu mwaka 1978 kuzipanga maana hizi, akasema karibu zote zinaingia katika mafungu machache tu: kusababisha, kuwa na, kutengeneza, kutumia, kuwa, kuwa mahali, kwa ajili ya, kutoka, na kuhusu. Mafungu 9. Otto Jespersen, yule Mdenmaki ambaye sarufi yake kubwa ya Kiingereza ilitoka kwa juzuu 7 kati ya 1909 na 1949, alikuwa ameshaona kwamba uhusiano huo hauhesabiki. Mimi nasimama na Jespersen, na sababu yangu ni kiti.

Kiti hicho kimo katika makala ya Pamela Downing ya mwaka 1977. Mgeni anafika mezani asubuhi, anaambiwa akae kwenye "the apple-juice seat". Hakuna kamusi yenye neno hilo, na hakuna kiti duniani kilichotengenezwa kwa ajili ya juisi ya tofaa. Mezani kulikuwa na glasi za juisi; mbele ya kiti kimoja palikuwa na ya tofaa. Basi. Walioiona meza walielewa mara moja, na meza ilipofutwa neno likafa. Sijui ungeliweka fungu gani kati ya yale 9 bila kulibana.

Ningependa kusema kwamba Kiswahili kinafanya mambo haya waziwazi zaidi, lakini ningekuwa nasema uongo. "-a" yetu ya unganifu ni bubu vilevile. Mafuta ya nazi yametoka kwenye nazi, mafuta ya nywele yanakwenda kwenye nywele, na mafuta ya taa ni chakula cha moto. Dawa ya kikohozi inaondoa kikohozi. Dawa ya mbu inaondoa mbu. Dawa ya meno, tunashukuru, haiondoi meno. Mtoto wa miaka 6 anayajua haya yote bila kufundishwa, kwa sababu anaijua nyumba yao: amepakwa ile, amenyweshwa hii. Mgeni akitushambulia kwa swali hili hatuna la kujitetea. Kiti cha juisi ya tofaa kingeeleweka mezani kwetu sawasawa na kule.

Basi tatizo letu na Kiingereza si ububu huo, maana bubu wenzetu tunawazoea. Tatizo liko kwenye viungo, na linaanza kuuma nomino zikifika 3.

Chukua "student film society". Ni chama, hilo tunalo kutoka mwisho. Lakini "student" imemshika nani? Inaweza kuwa imeshika "film", kisha wawili hao wakaenda kwa "society": chama kinachoshughulikia filamu walizotengeneza wanafunzi, na wanachama wake huenda wote ni wazee wenye mvi. Au "film" na "society" zimeoana kwanza, na "student" ikaja juu yao: wanafunzi wana chama chao, na humo wanatazama filamu za popote, za Bollywood, za Nollywood, za mkono wa Bruce Lee. Kiingereza kimeandika maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Sasa sema kwa Kiswahili. Maana ya kwanza ni chama cha filamu za wanafunzi. Ya pili ni chama cha filamu cha wanafunzi.

"Za" na "cha". Sauti moja ndogo, na mgogoro umekwisha. Ngeli, hizo hizo zinazowatoa machozi wageni wanaojifunza lugha yetu, zinafanya hapa kazi ambayo Kiingereza hakina wa kuifanya. Kila "-a" hubeba rangi ya bwana wake. Ukiiona "cha" unageuka kumtafuta mwenye ki- au ch-, ukiiona "za" unamtafuta mwenye wingi. Sentensi inakuwa kama mizigo iliyofungwa kamba za rangi tofauti. Hata ikirundikwa unajua kamba ipi ni ya furushi lipi. Kiingereza kimefunga yote kwa kamba moja nyeupe, kisha kimeikata.

Sitaki tujisifu kupita kiasi. Ngeli zikigongana, rangi zetu nazo hufanana. "Kamati ya michezo ya shule": michezo ndiyo ya shule, au kamati? Michezo katika wingi wake inadai "ya", na kamati nayo inadai "ya", na msomaji amebaki njia panda kama Mwingereza. Hayo hututokea kwa bahati mbaya. Kwa Mwingereza ni maisha ya kila siku, na anayaona wazi zaidi akifungua gazeti.

Wahariri wa vichwa vya habari wana ugomvi wa kudumu na nafasi. Safu ni nyembamba, herufi ni nene, na vihusishi vinakula inchi. Basi huvitupa. Nimejitungia mfano mmoja wa darasani, na sikuutia chumvi: "Sugar import permit fee row". Nomino 5, hakuna kitenzi hata kimoja, hakuna "of", hakuna "for", hakuna pa kushika. Mwanafunzi aliyepita kidato cha nne kwa alama nzuri huanza kushoto, akakutana na sukari, akajenga picha ya sukari, kisha kila neno linalofuata likambomolea picha hiyo. Panda kwa mlango wa nyuma. "Row": mzozo. Mzozo wa nini? "Fee", wa ada. Ada ya nini? "Permit", ya kibali. Kibali cha nini? "Import", cha kuagiza kutoka nje. Kuagiza nini? Sukari. Mzozo wa ada ya kibali cha kuagiza sukari.

Tazama kilichotokea tulipovuka. "Wa", "ya", "cha" hazikuwamo katika Kiingereza. Tumeziingiza sisi, na kwa kila moja tulilazimika kuamua imeshikana na nani. Kama hujaelewa, huwezi kuchagua kati ya "ya" na "cha". Ndiyo maana nawashauri hata watu wasiotaka kuwa wafasiri watafsiri kichwa kimoja cha habari kila siku. Mahali ulipokwama kuchagua ngeli, ndipo hapo hapo ulipokuwa hujaelewa Kiingereza chenyewe, ingawa ulitikisa kichwa ulipokuwa ukisoma.

Si magazeti tu. Wanaisimu waliopitia maandishi ya Kiingereza ya nyakati mbalimbali, Douglas Biber akiwa miongoni mwao, wameonyesha kwamba mtindo huu umekua sana katika karne ya 20, hasa katika habari na katika maandishi ya kisayansi. Anayesoma mwongozo wa dawa, mkataba wa bima au ripoti ya mradi anaogelea humo. Mjerumani, binamu wa Mwingereza, hufanya mchezo uo huo lakini hushikamanisha maneno yote kuwa neno moja refu kama treni, angalau ukajua linapoanzia na linapoishia. Mwingereza huacha nafasi katikati, msomaji akadhani ni maneno huru.

Hata kuhusu nafasi zenyewe hawajaelewana. "Teapot" ni neno moja, "tea bag" ni mawili. Kamusi fupi ya Oxford, ambayo licha ya jina lake ni juzuu mbili nene, ilipotoka upya mwaka 2007 iliondoa vistari katika maneno kama 16,000 kwa mpigo. "Ice-cream" ikawa maneno mawili, "pigeon-hole" ikawa moja. Usipoteze usingizi hapa. Tazama kamusi ya mwaka huu, andika, endelea.

Kinachostahili usingizi ni wingi. Duka linauza viatu, tena jozi kwa jozi, lakini Kiingereza kinasema "shoe shop". Mswaki haupigi jino moja, lakini ni "toothbrush". Kosa la "shoes shop" nimelisahihisha mara nyingi kuliko nilivyosahihisha majina ya watu. Mantiki ya mwanafunzi ni safi: viatu ni vingi. Ila neno la mbele halihesabu, linataja aina, na aina haina wingi. Hata suruali, ambayo kwa Kiingereza haiwezi kuishi bila "s", ikija mbele huivua: kifaa cha kunyooshea suruali ni "trouser press".

Kisha wanakuja wakaidi. "Sports car", "savings account", "customs officer", "arms race". Hawa ukiwavua "s" unawavua maana: "arm" ni mkono, "arms" ni silaha, "custom" ni desturi, "customs" ni forodha. Wengine wamebaki na wingi kwa sababu aina ni nyingi na taasisi inataka zote zionekane. Chumba cha mtihani ni "examination room", lakini Baraza la Mitihani la Tanzania ni "National Examinations Council", na bandari za Kenya ziko chini ya "Kenya Ports Authority". Waingereza wana ulaini zaidi hapa kuliko Wamarekani. Tatizo la dawa za kulevya London ni "drugs problem", Chicago ni "drug problem".

Mwaka 1985 Peter Gordon alichapisha jaribio alilowafanyia watoto wa miaka 3 hadi 5. Aliwauliza zimwi linalopenda kula kitu fulani lingeitwaje. Linalokula panya wadogo, "mice", waliliita bila wasiwasi "mice-eater". Linalokula panya wakubwa, "rats", waliliita "rat-eater", "s" imekatwa. Wingi wa kawaida walikuwa wakiuvua mlangoni kama viatu vya msikitini, na ule usio wa kawaida waliuacha uingie. Hakuna mzazi aliyewafundisha hilo. Wazazi wenyewe wengi hawajui kwamba wanalijua. Mimi niliyejifunza ukubwani nalijua, na bado hunitoka mdomoni "shoes".

Pamoja na tarakimu, umoja ni sheria kali: "a ten-year-old child", "a two-hour meeting", "a five-star hotel". Hapa pana kisa ninachokipenda. Kiingereza cha kale, kile cha miaka 1,000 iliyopita, kilikuwa na kiambishi cha mwisho kilichomaanisha "cha" au "za" kwa wingi, na kiambishi hicho kilikuwa -a. Futi ikiwa katika hali hiyo ilikuwa "fōta". Karne zikapita, miisho ikamomonyoka, -a ikazama, na "fōta" ikabaki "foot". Kwa hiyo mtu anaposema "a ten-foot pole", ile "foot" inayoonekana kama umoja uliokosewa ni mabaki ya "za futi kumi" ya mababu zake. Kwamba -a yao na -a yetu zinafanana ni sadfa tu, lugha hizi si ndugu hata wa mbali. Lakini kila nikiandika "mti wa futi kumi" huwa naona kama nimewarudishia walichopoteza.

Na mahali pamoja lugha zote mbili zinakutana bila kupangiana. "Woman doctor" kwa wingi ni "women doctors", zote mbili zinabadilika, kinyume cha kanuni nzima niliyoieleza. Daktari mwanamke, madaktari wanawake.

Nimebakiza mambo mawili ambayo huwachanganya hata waliobobea. La kwanza ni ritifaa. Maziwa ya ng'ombe huwa "cow's milk", sufu ya mwanakondoo ni "lamb's wool", yai la ndege ni "a bird's egg". Lakini ubavu wa mwanakondoo ni "lamb chop", na supu ya kuku ni "chicken soup". Wanasarufi wameona mwelekeo hapa: kile ambacho mnyama hutoa akiwa hai mara nyingi huja na alama ya umiliki, na kile kinachopatikana baada ya kisu huja kama nomino tupu. Ng'ombe bado yupo kuyadai maziwa yake. Kuku hana tena cha kudai. Si kanuni ya chuma, utakuta "goat milk" kwenye kopo, lakini sijaona njia bora ya kuikumbuka.

La pili ni sauti. "English teacher" ikikaziwa mwanzo, kwenye "ENGlish", ni mwalimu wa Kiingereza, awe Mnyamwezi au Mjaluo. Mkazo ukihamia kwenye "TEAcher" ni mwalimu Mwingereza, hata kama anafundisha hesabu. Jijini New York "Fifth Street" hukaziwa "Fifth", na "Fifth Avenue" hukaziwa "Avenue", na mwenyeji hawezi kukueleza kwa nini. Masikio yetu hayana zoezi la kazi hii. Kiswahili kimeweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kikaondoka zake, hatuutumii kubeba maana ya namna hiyo. Sisi tumesema "mwalimu wa Kiingereza" na "mwalimu Mwingereza", tukamaliza. Kwenye maandishi Kiingereza hakina hata huo mkazo wa kumwokoa msomaji.

Njiani kwangu kuna mtaa wa maduka ya spea. Moja lina kibao cha rangi nyekundu: "USED CAR PARTS". Kwa miaka mingi nilikipita bila kukisoma, mpaka siku nilipokuwa natayarisha sura hii nikasimama. "Used" imemshika nani? Kama ni vipuri vya magari vilivyotumika, basi vyuma vyenyewe ni vikuukuu, vimefunguliwa kwenye gari lililokatwa. Kama ni vipuri vya magari yaliyotumika, gari ndilo la mtumba, na kipuri chake chaweza kuwa kipya, ndani ya boksi, na nailoni juu. "Vili-" na "yali-": tofauti ya bei huenda ikawa mara tatu.

Nikaingia. Kijana wa dukani alikuwa amekaa juu ya tairi, anakula chapati.

"Mdogo wangu," nikamwuliza, "hapa mnauza spea used za gari, au spea za gari used?"

Akaacha kutafuna. Akanitazama viatu, akanitazama mkoba, akatazama barabarani kama kuna gari nililokuja nalo.

"Zote zipo, mzee," akasema. "Gari yako gani?"